Gundi ya Kula

Jumatatu, 8 Desemba 1913

Tanuri limeanguka. Si kupasuka — kuanguka! Mvua za mwezi uliopita zimelilowesha mpaka leo asubuhi, Mzee Gidion alipotia kuni, likakaa chini lenyewe kama mzee aliyechoka safari. Mzee Gidion ndiye mpishi wa misheni, Mchaga wa Machame, nami ni msaidizi wake. Akalitazama, akalitukana Kichaga, halafu akanigeukia mimi kana kwamba mvua nimeinyesha mimi.

Basi Krismasi hii hakuna biskuti. Na nusu ya watu wa huku mlimani Meru wanakuja kwa biskuti! Neno la Mungu pia, sikatai. Lakini biskuti kwanza, tusidanganyane.

Bibi Hedwigi, mke wa Mchungaji, hakushtuka hata kidogo. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la bati alilotumiwa na dada yake kutoka Ulaya. Limepanda reli mpaka Moshi, na kutoka Moshi limekuja kwa gari la ng'ombe la Kaburu. Nikadhani ni sukari. Kumbe karatasi! Nyembamba kama ganda la kitunguu, unaona vidole vyako upande wa pili. Akasema zitatupatia peremende za Krismasi, peremende zisizookwa. Nikalamba pembe ya moja. Haina ladha. Hata ya chumvi.

Nikauliza ni nini. Akafungua kamusi yake, akashusha kidole taratibu, akafurahi: gundi! Gundi ya kula.

Aa, gundi naijua. Nilipochunga ndama nilishinda nikitafuna gundi ya migunga. Kumbe Wazungu nao hutafuna, ila wao huinyoosha kwanza.

Jumanne, 9 Desemba

Tumejaribu. Karatasi zinalowekwa maji baridi, zinalegea kama utumbo. Ziingie kwenye maziwa ya moto yenye sukari na iliki, ukoroge, usichemshe. Mimina kwenye sinia. Halafu baridi. Bibi alisema kwao huweka nje kwenye theluji. Akanyoosha kidole upande wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nikamwambia Bibi, mimi siendi Kibo kwa ajili ya peremende.

Nikaliweka sinia kwenye mfereji wa juu, pale maji yanaposhuka kutoka Meru yakiwa bado yanauma meno. Mawe pembeni, majani ya migomba juu. Saa sita nikaenda kutazama — yamesimama! Maziwa yamesimama! Ukigusa yanatetemeka, ukiacha yanatulia. Bibi akatupatia kikopo cha bati cha kukatia nyota.

Mzee Gidion amekataa katakata kuonja. Anasema: Naeku, kitu kinachotetemeka kina roho.

Mimi nimekula tano. Tamu! Nimeficha ya sita kwenye kikombe.

Alhamisi, 11 Desemba

Yeyo, mama yangu, amekuja. Alikuwa anatoka sokoni na kikapu kitupu, akapanda huku kunisalimu, tukakaa nyuma ya jiko. Hana maneno mengi. Leo alikuwa nayo, na nilipoyasikia nikaacha kumenya ndizi.

Baba ameniulizia!

Ngoja niandike vizuri. Baba yangu, Lesikar, hajanisemesha miaka miwili, tangu nitoke kwetu Sokon kuja kusoma huku. Alisema anayekunywa maji ya misheni awe mtoto wa misheni. Tukikutana njiani pale mto Themi, yeye hutazama mlima. Mlima umemfanya nini cha kutazamwa hivyo? Na Elinaza, mwalimu msaidizi, Mmeru, ameshanichumbia. Mchungaji yuko tayari kututangaza kanisani Mwaka Mpya. Mimi ndiye niliyekataa. Nimesema sitangazwi, siolewi, mpaka baba aniwekee mkono kichwani anibariki. Wote wananiona mkaidi. Haya, ni mkaidi. Nimemrithi nani?

Basi yeyo anasema juzi baba aliuliza, bila kumtazama: yule kule anafanya kazi gani? Yeyo akajibu: anapika. Baba akasema, kwenye sikukuu yao nitakwenda. Kama kuna chakula cha mkono wake mwenyewe, nitakula.

Atakula cha mkono wangu! Baba wa kwetu hali mkononi mwa mtoto aliyemkana. Akila, amenirudisha. Yeyo naye analijua hilo, maana alikuwa analia huku anacheka.

Nikampa ile nyota ya sita amwonyeshe. Nikamwambia: ni maziwa, sukari, na gundi ya mti.

Jumamosi, 13 Desemba

Yeyo amerudi na jibu. Ile nyota ilifika Sokon imekuwa maziwa kwenye jani! Baba alicheka. Hajacheka nyumbani, anasema yeyo, tangu majani ya mwaka jana yakauke.

Lakini aliuliza mara tatu. Maziwa tu? Hakuna nyama ndani? Hakuna mafuta ya nyama? Yeyo akaapa: maziwa na gundi ya mti. Baba akasema, basi siku hiyo mimi ni mtu wa maziwa.

Kwetu Waarusha ndivyo ilivyo. Siku ya nyama ni ya nyama, siku ya maziwa ni ya maziwa. Havikutani tumboni. Vikikutana, ng'ombe wako anajua — chuchu zinavimba, maziwa yanatoka na usaha. Baba hajavunja hilo maisha yake yote.

Na ameshawatangazia rika lake lote kwenye pombe: binti yangu anasimamisha maziwa! Hawaamini. Wanakuja kutazama.

Sawa tu. Waje. Nitawasimamishia.

Jumatatu, 15 Desemba

Bibi anataka rangi. Nyeupe peke yake, anasema, inafanana na sabuni. Tumetengeneza nyekundu kwa yale matunda ya miiba ya msituni — imekubali. Ya limau — imekubali. Ya papai — imekataa.

Papai la bustani, limeiva, nimeliponda mwenyewe. Karatasi nimehesabu sawasawa. Mfereji ule ule, mawe yale yale. Saa sita: maji. Saa tisa: maji. Saa kumi: maji ya rangi ya chungwa yenye nzi.

Nimekosea wapi?

Jumanne, 16 Desemba

Nimerudia papai. Karatasi mara mbili. Maji! Tena nikatia kipande cha papai juu ya sinia la maziwa lililokuwa limeshasimama. Pale lilipokaa, pakalegea. Shimo!

Bibi anasema labda joto. Joto gani la kuchagua papai na kuacha limau?

Mzee Gidion alikuwa anatazama huku amefunga mikono. Hakucheka. Akaniuliza: binti, fahali mzee akichinjwa, nyama ngumu, huwa tunaifanyaje? Nikamwambia tunaifunga kwenye majani ya mpapai inalala humo, inalainika. Akaniuliza, na viazi ukivifunga? Havilainiki. Na ndizi? Hazilainiki. Na mawe?

Nikamwambia Mzee, acha mafumbo, sema.

Akasema: papai halili kitu ila nyama. Na hiki limekila.

Akaondoka kwenda kukata kuni. Mimi nimebaki na mwiko.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemuuliza Bibi. Niandike kila neno, maana nisipoandika nitasema nimeota.

Mimi: Shikamoo Bibi, gundi hii inatoka mti gani?

Bibi (anacheka): Mti? Hapana, mwanangu. Ng'ombe.

Akajivuta ngozi ya mkono akanionyesha. Akagonga goti. Ngozi, mifupa. Wanachemsha siku nyingi, wanachuja, wanakausha.

Mimi: Basi ni nyama.

Bibi: La, la! Si nyama.

Mimi: Ni supu ya mifupa?

Bibi akafikiri. Supu… ndiyo, kidogo. Supu iliyokauka.

Mimi: Basi supu ni nyama!

Bibi: Supu si nyama. Supu ni supu.

Ebo! Kumbe kwao mtu anaweza kunywa supu akaapa hajala nyama! Nikamwambia lakini Bibi ulisema gundi. Akaniletea kamusi, akanionyesha. Neno la Kijerumani moja, na mbele yake: gundi. Kwao gundi ya mti na gundi ya kubandikia viti inayotokana na kwato, zote ni neno hilo hilo. Kamusi haikusema uongo. Bibi hakusema uongo. Mimi sikusema uongo. Yeyo hakusema uongo. Na baba ameongopewa.

Nani amemwongopea? Nimetafuta siku nzima simpati.

Na mimi nilikula tano!! Maziwa na ng'ombe, tumbo moja, huku najilamba vidole. Mchungaji hufundisha kwamba kiingiacho kinywani hakimtii mtu unajisi, nami huitikia amina kwa sauti. Lakini ukweli wangu wa ndani: miaka miwili hapa misheni, siku ya nyama sinywi maziwa. Hakuna anayenikataza. Nasema tu sina hamu.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimeunguza uji. Mzee Gidion akaikwangua sufuria mwenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimemwambia Elinaza, baada ya shule. Akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema kwao Wameru wanapika mtori wa nyama, wanatia na maziwa, na ng'ombe wao wamenona kuliko wa Waarusha wote. Nikamwambia basi nenda ukaoe ng'ombe wa kwenu.

Akaona nimekasirika kweli, akapoa. Akasema kwa upole: Naeku, usimwambie. Asiyejua hana dhambi.

Nikamwambia sawa, asiyejua hana. Na anayejua? Anayempa huku anajua, na sinia mkononi, na tabasamu?

Hapo mwalimu akaanza kufuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

Nampenda. Lakini siku nyingine natamani kumpiga na kifutio.

Jumamosi, 20 Desemba

Yeyo alipita. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Nimeamka nayo mdomoni. Akanitangulia yeye na habari za nyumbani: mbuzi wamezaa, mahindi yamesimama vizuri, ng'ombe wake mweusi ana chuchu imevimba.

Tangu lini?

Kama siku kumi hivi. Jumanne au Jumatano ya wiki ile.

Jumanne! Nyota zangu tano nilizila Jumanne!

Chuchu za ng'ombe huvimba tu, kila mwaka, kwa nzi, kwa matope, kwa ndama mwenye meno. Najua. Mtu yeyote anajua. Lakini Jumanne?

Sikumwambia. Nikamuuliza tu, je, baba nikimpa maziwa ya kibuyu, maziwa ya kawaida, si ni chakula cha mkono wangu pia? Yeyo akanitazama kama mgonjwa. Akasema: mwanangu, wazee saba wanakuja na baba yako kuona maziwa yaliyosimama. Ukimpa ya kibuyu, watamcheka mpaka kaburini. Na atajua umeona haya kumlisha.

Jumapili, 21 Desemba

Kanisani Mchungaji alisoma vizuri. Sikusikia hata neno. Nilikuwa najiuliza hivi: ngozi ni nyama?

Maana tunalalia ngozi, tunavaa ngozi, kibuyu cha maziwa kina kifuniko cha ngozi na hakuna aliyelalamika. Damu tunachanganya na maziwa, tunakunywa, ruhusa. Kwa hiyo si kila cha ng'ombe ni nyama. Lakini supu ya mifupa — hiyo ni nyama, hata mtoto anajua. Basi gundi ya ngozi peke yake ni halali, na gundi ya mifupa ni marufuku? Na ya ngozi na mifupa pamoja ni nini? Nusu?

Kichwa kinaniuma. Wengine wanamtafakari Mwokozi, mimi natafakari kwato.

Jumanne, 23 Desemba

Nimepata akili! Nimedhani nimepata akili. Kama kamusi ilisema gundi, nitatia gundi kweli. Jana nilimtumia yeyo ujumbe, leo ameniletea konzi mbili za gundi ya mgunga, safi, rangi ya asali. Nikaiponda, nikailoweka, nikaitia kwenye maziwa ya moto. Mfereji. Mawe. Majani. Nikaomba, nikapiga magoti pale kwenye tope.

Saa sita: maziwa yenye mabonge. Saa tisa: maziwa yenye mabonge na sisimizi.

Nikajaribu unga wa mahindi. Uji baridi. Unga wa ndizi. Uji baridi wa kijivu. Mzee Gidion akachovya kidole kwenye ile ya mgunga, akaenda nayo, akabandika jalada la Biblia yake lililokuwa limeng'oka. Imeshika barabara. Anasema hajaona gundi nzuri hivyo tangu aje Arusha.

Nilicheka. Halafu nikalia. Bibi akanikuta hivyo akadhani ni furaha ya Krismasi, akanibusu kwenye paji la uso.

Jumatano, 24 Desemba

Masinia manne kwenye mfereji. Mawili meupe, mawili mekundu. Fahali wa sikukuu amechinjwa, uwanja wote unanuka nyama.

Ujumbe kutoka kwa yeyo: baba hali nyama tangu jana. Jirani alichinja mbuzi, akaletewa mbavu, akazirudisha! Baba yangu, ambaye kwa mbavu angeweza kuvuka Themi ikiwa imefurika. Anasema hataki shaka yoyote tumboni. Anataka kuja safi.

Safi!

Nimeosha kibuyu changu, nimekifukiza kwa mkaa wa mzeituni wa porini kama alivyonifundisha yeyo, nimejaza maziwa. Wakicheka wacheke. Nitampa kibuyu. Nyota nitawapa wengine. Nimeamua.

Nadhani nimeamua.

Alhamisi, 25 Desemba, Krismasi

Naandika stoo ya jikoni, juu ya gunia la chumvi. Wao wako nje. Nina muda mfupi tu.

Amekuja. Baada ya ibada niliwaona wakipanda kilima, wazee saba na baba mbele, shuka mpya, fimbo yake ile nyeusi. Yeyo nyuma. Mwili wangu ulienda wenyewe. Nikasimama mbele yake nikainamisha kichwa, kama mtoto anavyomsalimu mzee, nikangoja mkono.

Mkono haukuja. Akasema — na ni sauti yake, miaka miwili sijaisikia — tule kwanza.

Wakakaa kwenye benchi chini ya dirisha la jiko. Watu wanagawiwa nyama, moshi, watoto, nyimbo. Wazee saba wakapewa mapande makubwa. Baba akasukuma pande lake pembeni. Mmoja wa rika lake akamtania: Lesikar, umekuwa ndama? Wote wakacheka. Baba hakukasirika. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie: ndiyo, leo mimi ni ndama wa binti yangu.

Mungu wangu.

Nikaleta kibuyu. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa kwa heshima, akafuta mdomo. Akasema ni kizuri, kimefukizwa vizuri. Halafu akatazama nyuma yangu. Na yale yanayosimama yako wapi?

Nikasema yamekwisha. Nimesema uongo Krismasi, mbele ya kanisa! Na saa ile ile Bibi Hedwigi akatokea jikoni na sinia zima la nyota nyeupe, uso umemwiva kwa furaha. Akaliweka juu ya magoti ya baba yangu, akasema kwa Kiswahili chake: kazi ya Naeku! Akaenda zake kupiga kinanda.

Wazee saba wakaacha kutafuna. Wakaligusa sinia kwa kidole. Likatetemeka, wakarudi nyuma, wakacheka. Mmoja akasema kweli, yamesimama, nimeshindwa. Baba akachukua nyota moja, akaiweka kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Jinsi alivyoitazama! Sijawahi kumwona baba akitazama kitu hivyo isipokuwa ndama jike aliyezaliwa usiku ule. Akainua mkono.

Nikasema: Baba, ngoja.

Akangoja.

Nikasema ndani yake kuna ng'ombe.

Baba akainua ile nyota kwenye jua, akaigeuza, akatafuta ng'ombe. Akauliza, ng'ombe gani huyu asiye na mfupa wala unyoya? Nikamweleza yote. Kopo, kamusi, gundi ya mti na gundi ya kwato, neno moja. Papai. Nilisema Wazungu wanachemsha ngozi. Nikaishia hapo. Kwenye ngozi ulimi ukasimama.

Elinaza alikuwa mlangoni, amefumba macho.

Baba akafikiri. Siyo kwa hasira, niseme haki — alifikiri kama anavyofikiri akiamua kesi ya mpaka. Akasema taratibu: ngozi si nyama. Nalalia ngozi. Kibuyu hiki nilichonywea sasa hivi kina ngozi mdomoni. Kama ni ngozi, mimi nakula.

Kisha akanitazama. Ananitazama mimi, si mlima. Ni ngozi tu?

Nikatazama sinia.

Akasema: kamuulize mwenye kopo. Lakini asije yeye kuniambia. Njoo wewe. Neno lako ndilo nitakalolishika. Ukisema ngozi, ni ngozi.

Nikakimbia kwa Bibi. Nikainama kwenye kinanda, nikamuuliza sikioni, Bibi, kopo lile ni ngozi na mifupa, sivyo? Bila kuacha kupiga akasema: na? Nilisema na? Ni au, mwanangu, ngozi au mifupa. Kuna viwanda vya ngozi, kuna viwanda vya mifupa. Kopo hili? Hajui. Haikuandikwa. Dada yake naye hajui. Akaniambia nile kitu.

Hajui! Hakuna anayejua! Kutoka hapa mpaka Ulaya hakuna mtu hata mmoja anayejua kilichomo mkononi mwa baba yangu.

Nilipokuwa napita jikoni kuingia humu stoo yeyo akanishika mkono. Hakusema ila neno moja, kwa Kimaasai, chini chini: ngozi. Elinaza nyuma yake, midomo tu: ngozi. Mzee Gidion anakata nyama kwa nguvu na hanitazami. Yeye alisema papai halili kitu ila nyama, nami sijui kama papai linakula ngozi, sijajaribu, hakuna aliyewahi kujaribu, kwa nini hatukujaribu ngozi?!

Huenda ni ngozi. Nikisema ngozi huenda nasema kweli. Anakula, ananiwekea mkono, Mwaka Mpya natangazwa, yeyo analala usingizi. Na nikisema sijui — ndilo neno la kweli peke yake nililo nalo — mzee aliyerudisha mbavu, aliyejiita ndama mbele ya rika lake, ataiweka chini nyota yangu na kushuka Sokon na njaa. Au hatashuka. Hata hilo silijui.

Kinanda kimenyamaza. Namwona kwenye ufa wa ubao. Wazee wameacha kucheka, wanatazama mlango huu. Bado ameishika. Mkono ule ule ninaoutaka kichwani. Jua limempata pale benchini na nyota imeanza kulegea, pembe zimekwisha, maziwa yanapita katikati ya vidole, yameshuka kwenye kifundo, sasa yanaelekea kiwikoni. Yeyo amempa kitambaa, amekikataa. Anakazia macho mlango wangu, ameushika mkono mbali na mdomo, na hajalamba hata tone.